Mkurugenzi kaandika kwamba 'I am intimidating': je, nimeshtakiwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu katika shirika dogo hapa Mwanza, nina miaka saba kazini na chini yangu wapo watu wanne. Mwaka huu tumepata mkurugenzi mpya kutoka Uingereza. Wiki iliyopita alinipa tathmini yangu ya mwaka, na ndani yake kuna sentensi hii: 'Some colleagues find you intimidating, but your work this year has been terrific.' Nimeangalia kamusi: intimidate ni kutisha, kuogofya. Terrific nayo, katika kamusi ya zamani aliyoniachia marehemu baba, maana ya kwanza ni -a kutisha. Kwa hiyo ninavyoelewa, nawatisha wenzangu na kazi yangu inatisha! Sijawahi kumtishia mtu maishani mwangu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Vocha ikija bila risiti naizungushia wino mwekundu na kuirudisha kwa mwenyewe, basi. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nimeshaandika barua ya kujitetea, inaanza hivi: 'I have never intimidated anybody in this office and I am very intimidating by this report.' Je, niitume? Na je, hili ni onyo la kufukuzwa? Binti yangu wa kidato cha pili anasema terrific ni sifa, lakini nahisi ananifariji tu."

Marahaba, mama.

Barua hiyo usiitume. Haki ya kujitetea unayo, lakini hakuna aliyekushtaki. Na kibaya zaidi, sentensi yako ya kwanza kama ilivyo sasa inakiri jambo lile lile unalolikana. Nitafika kwenye herufi zake. Kwanza tulimalize hili la usingizi. Mkurugenzi wako hakuandika kwamba unawatishia watu, wala hakuandika kwamba kazi yako ni ya kutisha. Ameandika jambo moja linalohitaji mazungumzo na sifa moja kubwa, na kwa jinsi alivyozipanga, sifa ndiyo aliyotaka uondoke nayo.

Kukosea hapa si aibu. Mwanzoni mwa kazi yangu ya ukalimani nilipewa semina moja Morogoro. Mgeni, mama wa Kiingereza, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wazee wa utafiti wa kilimo, watu waliokuwa wakipima mbegu za mahindi kabla yeye hajazaliwa, akaanza kwa kutabasamu: 'I must say I find this room rather intimidating.' Nami kwa kujiamini nikatamka kwenye kipaza sauti: "Sina budi kusema, chumba hiki kinanitisha." Niliona watu wa mstari wa mbele wakiinua macho kutazama dari. Mmoja aligeuka kuangalia mlango. Wakati wa chai mzee mmoja alinivuta pembeni, kikombe mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama kaona nini humu ndani?" Hakuona kitu. Alikuwa anawapa wazee heshima yao, kwamba anasimama mbele ya mabingwa na moyo unamdunda kidogo. Neno la Kiswahili nililolihitaji nilikuwa nalitumia tangu utoto, ila kamusi haikunipeleka kwake.

Tatizo linaanzia kwenye hilo neno letu, kutisha. Kutisha ni kumtia mtu hofu, kwa njia yoyote ile, hata bila kukusudia: radi inatisha, jeraha linatisha. Ukilinyumbua likawa kutishia, mambo yanabadilika. Fulani kamtishia mwenzake panga, kamtishia kumfukuza kazi, kamtishia maisha. Hapo pana mtu, pana maneno au silaha, na pana anachokitaka. Ndiyo maana tukimwambia mtu "usinitishie nyau" tunamaanisha kwamba nia yake tumeiona na wala hatubabaiki. Wewe uliposoma kamusini -tisha, akili iliruka moja kwa moja hadi -tishia, ikakuona umeshika panga katikati ya ofisi.

Sasa mtazame mtoto anayepiga kelele sebuleni. Nje kinasikika kikohozi cha baba yake akivua viatu. Mtoto ananywea. Sauti inashuka, rimoti inarudi mezani, daftari linafunguliwa. Baba hakumtishia mtu. Amekohoa tu, pengine kwa vumbi la barabarani. Hofu ile iko kwa mtoto, na Kiswahili kinaisema kwa kumtaja mtoto: amenywea, amegwaya, kaufyata. Timu yetu ikicheza ugenini kwa ujasiri, mtangazaji husema vijana hawakugwaya. Sifa au lawama inabaki kwao, uwanja hautajwi.

Kiingereza kinaitazama hali hiyo hiyo kutoka upande wa pili wa mlango. Kinamchukua baba wa kikohozi na kumpa yeye jina la hofu ile: 'he is intimidating'. Ukiligeuza kwa Kiswahili kinachosemwa na watu, maana yake ni kwamba watu hunywea mbele yake. Kama amefanya jambo la kuwanywesha au amezaliwa tu na mabega mapana na sauti nzito, neno lenyewe halisemi.

Kwa hiyo sentensi uliyoandikiwa, mimi ningeitafsiri hivi: "Baadhi ya wenzako wananywea mbele yako, ila kazi yako mwaka huu imekuwa nzuri ajabu." Isome mara mbili, kisha tuendelee.

Lipo neno dogo ambalo umelipita bila kulitazama, nalo ni 'find'. Hapo halihusiani na kutafuta wala kupata. Mtu akisema 'I find this tea too sweet', anazungumzia ulimi wake. Chai ile ile, jirani yake ataiongezea kijiko cha sukari. Mkurugenzi angetaka kusema kwamba umewafanyia watu jambo, angeandika 'You intimidate your colleagues', na hapo mimi pia ningekaa vizuri kwenye kiti. Aliyoyaandika yanahusu wanavyokuona, tena baadhi yao tu, maana kaanza na 'some'.

Chimbuko la neno lenyewe litakusaidia kuona kwa nini lina sura mbili. Katika Kilatini 'timere' ni kuogopa na 'timidus' ni mwoga. Ndiko lilikotoka 'timid', mtu mwenye woga na haya. Ile 'in-' ya mwanzo si ya kukanusha kama katika 'incorrect'. Ni ya kuingiza: kumwingiza mtu kwenye woga. Neno liliingia Kiingereza katika karne ya 17 likiwa kitenzi cha nia mbaya hasa, yaani kumtia mtu woga ili afanye usilotaka mwenyewe kumwomba kwa heri. Matumizi yake laini, yale ya mama wa Morogoro, yamekuja kukolea baadaye. Nikiwa hapo niongeze jambo ambalo hukuuliza: usilichanganye na 'intimate', ambalo mzizi wake mwingine kabisa unamaanisha cha ndani kabisa, na leo linahusu ukaribu, hata wa kitandani. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba yeye na jirani yake 'are very intimidated friends'. Nilimwita pembeni, nikamweleza, akacheka kuliko mimi.

Sheria imeishikilia maana ile ya zamani, na hapa tusimame kidogo, kwa sababu swali lako lina hofu ya kisheria ndani yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 238, inalifanya tendo hilo kuwa kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 3, lakini inaeleza masharti: uwe na nia ya kumtia mwenzako hofu, au ya kumlazimisha afanye asilolazimika kisheria au aache alilo na haki nalo, tena kwa kumdhuru au kutishia kumdhuru isivyo halali, iwe mwilini, katika mali au katika jina lake. Kwetu Tanzania kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetishia kumjeruhi, kumpiga au kumuua mtu, au kuchoma jengo, kwa nia ya kumtisha au kumuudhi. Na Marekani, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 inakataza mtu asimfanyie mpiga kura mambo matatu yaliyopangwa bega kwa bega: 'intimidate, threaten, or coerce'. Waliyatenganisha kwa sababu. Kutishia kunahitaji maneno au ishara. Kushurutisha kunahitaji nguvu. Lakini mtu anaweza kusimama kimya na bunduki begani karibu na foleni ya kura, asiseme neno, na wapiga kura wakarudi nyumbani. Hiyo nayo ni 'intimidation'.

Katika vifungu vyote hivyo, vocha iliyozungushiwa wino mwekundu haimo.

Wanafunzi wangu nawapa kipimo hiki: ondoa mtu kwenye sentensi, weka kitu kisicho na roho, uone kama bado inasimama. 'Mount Kilimanjaro is intimidating' inasimama vizuri. Mita 5,895 zinamnywesha yeyote anayeutazama kutoka Moshi akijua kesho anaupanda. Fomu ya kodi yenye kurasa kumi inaweza kuwa 'intimidating'. Mtihani, jengo la mahakama, kadhalika. Mlima haujawahi kumtishia mtu. Lakini jaribu kuupeleka mlima polisi kwa 'intimidation' uone. Kivumishi kinakubali mlima, nomino inataka mtu mwenye nia. Wewe umeandikiwa kivumishi.

Tuje kwenye kamusi ya marehemu baba, ambayo haikudanganya ila imebaki nyuma kidogo. Kilatini 'terrere' ni kutisha, na kimezaa watoto wengi katika Kiingereza: 'terror', 'terrify', 'terrible', 'terrific'. Wote walianza na hofu. Mshairi John Milton, katika utenzi wake wa mwaka 1667, anamweleza nyoka mwenye macho ya shaba na manyoya shingoni yaliyo 'terrific', na hapo ni ya kutisha kweli, hakuna sifa. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 watu walikuwa wakilitumia kwa chochote kilichopita kiasi, kelele, joto, maumivu ya kichwa. Mwishoni mwa karne hiyo likageuka sifa, na leo ukimwambia Mwingereza chakula chake ni 'terrific' atakuongezea kijiko. Ndugu yake 'terrible' alishika njia nyingine akaishia kwenye ubaya: chakula kikiwa 'terrible' hakiliki. Aliyebaki na hofu ya ukoo ni 'terrifying'.

Na tusiwashangae. Kijana wetu akifunga bao kutoka katikati ya uwanja, jukwaa zima linasema nini? Ametisha! Msanii akitoa wimbo mzuri, mashabiki wanamwandikia "umetisha sana kaka". Mechi ilikuwaje? Hatari! Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi akiambiwa na bosi wake wa Dar es Salaam "mwaka huu umetisha", naye angekosa usingizi kama wewe, na pengine angemwandikia mwalimu wake barua. Kwa hiyo 'terrific' unayo tafsiri yake tayari, tena ya mtaani: kazi yako mwaka huu imetisha. Umeona jinsi neno lile lile lililokuumiza katika nusu ya kwanza ya sentensi linavyokusifu katika nusu ya pili.

Mpangilio nao una ujumbe. Katika Kiingereza, kama ilivyo kwa "lakini" yetu, uzito unakaa baada ya 'but'. "Mzuri lakini mvivu" na "mvivu lakini mzuri" ni watu wawili tofauti mbele ya wakwe. Angeandika kwamba kazi yako ni 'terrific' halafu 'but some colleagues find you intimidating', ningekuambia jiandae kwa mazungumzo mazito. Ameanza na doa, akamalizia na sifa.

Sasa ile barua. Umeandika 'I am very intimidating by this report'. Ulitaka kusema ripoti imekutia hofu. Ulichosema, ukiondoa mkia wake usio na sarufi, ni kwamba wewe ni mtu wa kutia watu hofu sana. Yaani ungetuma utetezi uliosainiwa na mshtakiwa akikubali kosa. Kosa hili ni la kawaida mno, na dawa yake unayo mdomoni kila siku. Vijana wanasema filamu "inaboa", na wao "wameboeka". Hakuna kijana anayekosea akasema "mimi naboa" akimaanisha amechoka na filamu, kwa sababu anajua "naboa" ni kujitukana. Basi '-ing' ni inaboa, '-ed' ni nimeboeka. Kinachosababisha kinachukua '-ing'. Anayepatwa anachukua '-ed'. 'The report is intimidating, I am intimidated.' Vivyo hivyo 'frightening' na 'frightened', 'confusing' na 'confused', 'surprising' na 'surprised'. Na kihusishi chake ni 'by': 'intimidated by the report'. Ukikutana na 'into', jua mtu kalazimishwa: 'they intimidated him into signing' ni kwamba walimtisha mpaka akasaini.

Majirani wa neno hili nitawapitia haraka. 'Scare' na 'frighten' ni kuogopesha kwa kawaida, la kwanza likiwa la mazungumzo zaidi. 'Terrify' ni kutia hofu kubwa, ya kutetemesha. 'Threaten' ndilo kutishia letu, lenye maneno na nia. 'Daunting' husemwa kwa kazi au safari inayokatisha tamaa kwa ukubwa wake, mara chache sana kwa mtu. 'Bully' ni kuonea, tena kwa kurudia rudia. Hili la mwisho ungelikuta kwenye tathmini yako, jibu langu lote lingekuwa tofauti.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, mama. Kwamba hukushtakiwa hakumaanishi hakuna kitu. Wazungu wa maofisini wana tabia ya kufunga neno gumu kwenye pamba, na 'intimidating' linaweza kuwa pamba ya mambo matatu. Linaweza kuwa karibu na pongezi: unajua kazi mpaka wenzako wanajiona wadogo. Linaweza kuwa ushauri wa kawaida kabisa kuhusu namna unavyoongea na watu. Na mara chache linaweza kuwa njia ya adabu ya kusema kwamba kuna malalamiko. Kwa sentensi uliyonipa, naegemea la pili, kwa sababu ya ule wino mwekundu uliouleta mwenyewe bila kuulizwa.

Hebu kaa upande wa pili wa meza. Kijana karudi kutoka safari ya Geita usiku, asubuhi anakuta marejesho yake ya masurufu yamelala mezani, duara jekundu limezungushiwa pale penye bili ya gesti, hakuna salamu, hakuna neno. Anajua ni wewe. Anajua pia kwamba masurufu ya safari ijayo hayatoki bila saini yako. Hofu yake inatokana na vitu viwili vilivyokutana, madaraka na ukimya. Madaraka bila ukimya hayamsumbui mtu sana, na ukimya bila madaraka humwita mtu mpole. Vikikaa pamoja, aliye chini anaanza kujaza mwenyewe yale ambayo hukuyasema, na mtu mwenye wasiwasi hajazi mazuri. Wewe kichwani mwako unasema "risiti haipo, arudishe akaitafute, yameisha". Yeye anasikia "nimekushika mwizi".

Sisemi upitishe vocha zisizo na risiti ili upendwe. Mkaguzi akija hatauliza kama ulikuwa unatabasamu. Duara libaki, wino ubaki mwekundu. Ila siku moja mpelekee mwenyewe mkononi: "Habari za safari? Hii imekosa risiti ya gesti, waulize kama wanaweza kukutumia, nitakusubiri mpaka Ijumaa." Dakika moja tu, lakini ile nafasi tupu aliyokuwa anaijaza kwa hofu umeijaza wewe.

Lipo na jingine ambalo ni haki kulisema. Wanawake wenye msimamo kazini huandikiwa sifa za namna hii kwa jambo ambalo mwanaume angeitwa makini. Mwaka 1982, huko Marekani, Ann Hopkins alipendekezwa kuwa mbia katika kampuni kubwa ya uhasibu, mwanamke pekee kati ya watu 88. Kazi yake ilisifiwa, lakini katika maoni ya waliompima mmoja alimwita 'macho', kwa maana ya mwanamke aliyejitia udume, na mwingine akashauri apelekwe shule ya kufundishwa kuvutia. Ubia akanyimwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1989 ikasema kwamba kumpima mfanyakazi kwa dhana za jinsi mwanamke anavyotakiwa kuwa ni ubaguzi. Kwa sentensi moja siwezi kusema mkurugenzi wako amefanya hivyo, na sidhani. Lakini jiulize kimya kimya: mhasibu mwanaume anayerudisha vocha kwa wino mwekundu angeandikiwa nini? Jibu utalipata ukiisikia mifano ya mkurugenzi.

Ndiyo maana badala ya barua ya kujitetea, andika ya kuuliza. Fupi, kama hii: 'Thank you for the review and for your kind words about my work. I was surprised to read that some colleagues find me intimidating. Could you give me one or two examples, so that I can understand what to change?' Angalia 'surprised', lina '-ed'. Umeomba mifano, hukuomba majina. Majina usiyadai kabisa, hata ukiyajua; mtu wa chini yako akisikia unamtafuta aliyesema, ndipo utakuwa umeanza kutisha kweli kweli. Na ukiweza, baada ya kutuma nenda ukakae naye mwenyewe ofisini kwake. Sentensi iliyoandikwa haina uso, na Mwingereza akiwa ana kwa ana huwa anafungua ile pamba.

Kufukuzwa? Kwa maneno haya, sioni. Nitabadili kauli ikiwa katika jibu lake au katika barua nyingine utakuta 'complaint', 'misconduct', 'harassment', 'investigation' au 'disciplinary hearing', au lile neno letu likirudi katika umbo la nomino, 'intimidation'. Hapo mambo yametoka kwenye lugha yameingia kwenye sheria, na mwalimu wa Kiingereza hakufai tena. Mtafute kiongozi wa chama chenu cha wafanyakazi, afisa kazi wa mkoa au wakili, akaisome barua yenyewe, asisikilize simulizi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu una haki ya kufuatana na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, na kupewa muda wa kutosha kujiandaa. Na ikitokea kazi imesitishwa, shauri la kupinga hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao wakiwa bado wanaandika barua za kuomba kufikiriwa. Kuhusu usingizi, ukishapata maelezo ya mkurugenzi na bado usiku unakesha ukihesabu mabati, nenda kamwone daktari.

Nakuachia na deni moja dogo la nyumbani. Binti yako hakuwa anakufariji, alikuwa sahihi tangu mwanzo, na alijua ambalo kamusi ya babu yake haikulijua. Mwambie mwalimu kasema ametisha.